Dalili si Kasoro: Istilahi za Ukaguzi kwa Kipenyezi katika Zama za Mitambo Inayojiendesha

1. Utangulizi

Makusudi ya makala haya ni kueleza kazi moja ya viwandani isiyojulikana sana nje ya karakana, na kupendekeza maneno ya Kiswahili ya kuielezea. Kazi hiyo ni kutafuta nyufa ndogo usoni mwa metali kwa kutumia kiowevu kinachopenya. Hufanywa na watengenezaji na watunzaji wa injini za ndege, mitambo ya umeme, matangi, mabomba na vyombo vinginevyo ambavyo kuvunjika kwake kwaweza kuleta maafa. Ni mojawapo ya njia zinazoitwa kwa jumla uchunguzi usioharibu, kwa maana kwamba kitu huchunguzwa kisha kikarudishwa kazini kikiwa kizima kama kilivyokuwa.

Wahenga walisema kuwa usipoziba ufa utajenga ukuta. Lakini ufa wa ukutani huonekana na kila apitaye. Ufa tunaouzungumzia hapa ni mwembamba kuliko unywele, nao hauonekani mpaka ufichuliwe. Hivyo kabla ya kuuliza nani atauziba, hatuna budi kuuliza nani atauona. Na siku hizi swali hilo limeongezewa jingine: je, aonaye ni mtu au ni mtambo?

Katika miongo ya karibuni sehemu kubwa ya kazi hii imetiwa mikononi mwa mitambo. Hapo ndipo tatizo la lugha lilipojitokeza, kwa kuwa neno moja, "kujiendesha", limebebeshwa maana tatu zilizo mbalimbali. Meneja akisema kuwa ukaguzi katika kiwanda chake "unajiendesha", huenda anamaanisha moja na fundi wake akaelewa nyingine. Tutajaribu kuonyesha kuwa kosa hilo la neno laweza kuwa kosa la tendo.

2. Namna kazi inavyofanyika

Msingi wa kazi hii waweza kuonekana katika koroboi. Mafuta ya taa hupanda kwenye utambi pasipo kusukumwa na mtu, kwa kuwa kiowevu huvutwa na nafasi nyembamba zilizo baina ya nyuzi. Ufa katika metali ni nafasi nyembamba ya aina hiyohiyo. Kiowevu chenye tabia ya kutandaa vizuri kikipakwa juu yake kitaingia ndani, hata kama ufa umetazama chini. Kiowevu hicho ndicho tunachokiita kipenyezi.

Sharti moja ni la lazima: ufa uwe umefunguka usoni. Ufa uliozikwa ndani ya metali hauwezi kugunduliwa kwa njia hii. Huo hutafutwa kwa eksirei au kwa mawimbi ya sauti yasiyosikika kwa sikio la mtu. Kadhalika, njia hii haifai kwa vitu vyenye vinyweleo vingi, kwa sababu kipenyezi kitaingia kila mahali na kitu kizima kitaonekana kibovu.

Njia yenyewe si mpya. Zamani katika karakana za reli mafundi walikuwa wakizamisha sehemu za garimoshi katika mafuta mazito yaliyochanganywa na mafuta ya taa, wakazipangusa, kisha wakazipaka chokaa laini. Mafuta yaliyokuwa yamejificha ndani ya ufa yalitoka polepole na kuacha waa jeusi juu ya weupe. Mwanzoni mwa miaka ya 1940 ndugu wawili wa Marekani, Robert na Joseph Switzer, waliiendeleza njia hii kwa kutia katika kiowevu rangi inayong'aa inapomulikwa kwa mwanga wa urujuanimno. Tangu hapo mkaguzi alianza kutafuta mstari wa nuru gizani badala ya waa jeusi mchana.

Hatua za kazi, kwa kipenyezi king'aacho na kifichuzi cha unga mkavu, ni hizi zifuatazo:

(a) Kusafisha. Mafuta, kutu, rangi na maji huondolewa, kwani ufa uliojaa uchafu au maji hauna nafasi ya kupokea kipenyezi.

(b) Kulowesha. Kitu huzamishwa katika kipenyezi au hunyunyiziwa, kisha huachwa kwa muda. Kiwango cha kimataifa ISO 3452-1 hutaja muda wa baina ya dakika 5 na dakika 60, kwa kutegemea aina ya kipenyezi, metali na ufa unaotafutwa.

(c) Kuondoa ziada. Kipenyezi kilichobaki usoni huoshwa. Baadhi ya vipenyezi huoshwa kwa maji matupu. Vingine huhitaji kwanza dawa ya kuvifanya vichanganyike na maji. Hii ndiyo hatua yenye hatari kubwa. Anayeosha kidogo mno huacha uso mzima uking'aa; anayeosha kupita kiasi hutoa kipenyezi hata ndani ya ufa, na ufa ukawa kana kwamba haupo. Kwa sababu hiyo kiwango cha Marekani kinachoitwa ASTM E1417 huweka mipaka: maji yasizidi shindikizo la kilopaskali 275, na joto lake liwe baina ya nyuzi 10 na 38 za Selsiasi.

(d) Kukausha. Kitu huwekwa katika tanuri ambalo joto lake halizidi nyuzi 71, ili kipenyezi kisikauke ndani ya ufa.

(e) Kufichua. Unga mweupe laini hutandazwa juu ya kitu. Unga huo hukifyonza kipenyezi kutoka ndani ya ufa na kukitandaza usoni, hata alama inayoonekana ikawa pana kuliko ufa wenyewe. Hungojewa kwa dakika 10 angalau.

(f) Kukagua. Mkaguzi huingia katika chumba cha giza, ambamo nuru ya kawaida haizidi lux 20, hungoja angalau dakika moja macho yazoee, kisha hukimulika kitu kwa taa ya urujuanimno na kukitazama pande zote.

(g) Kusafisha tena, ili kitu kirudi kazini bila mabaki ya dawa.

Yafaa msomaji atambue kuwa kati ya hatua hizi saba, sita ni za mikono na saa, na moja tu, ile ya sita katika orodha, ni ya macho na akili. Tofauti hiyo ndiyo itakayotuongoza katika sehemu zinazofuata.

3. Mafunzo ya ajali mbili

Ili uzito wa jambo hili uonekane, tutazame ajali mbili zilizotokea Marekani na kuchunguzwa kwa kirefu na Bodi ya Taifa ya Usalama wa Uchukuzi ya nchi hiyo.

Tarehe 19 Julai 1989 ndege ya aina ya DC-10 iliyokuwa ikitoka Denver kwenda Chicago ilipasukiwa na injini yake ya mkiani. Diski kubwa ya titani inayoshika mapanga ya feni ilivunjika, na vipande vyake vilikata mabomba ya mifumo yote mitatu ya haidroliki ambayo kwayo rubani huiongoza ndege. Marubani walijitahidi kuielekeza ndege kwa nguvu za injini mbili zilizobaki, wakafika katika uwanja wa Sioux City, jimbo la Iowa, ambako ndege ilianguka ilipokuwa ikitua. Kati ya watu 296 waliokuwamo, 112 walikufa.

Diski hiyo ilianza kuvunjika kutokana na dosari iliyoingia katika titani tangu ilipoyeyushwa, na ufa ukakua kidogo kidogo kwa miaka. Katika maisha yake ilikuwa imekaguliwa kwa kipenyezi mara sita. Ukaguzi wa mwisho ulifanywa Aprili 1988, safari 760 kabla ya ajali, na wachunguzi walikadiria kuwa wakati huo ufa ulikuwa tayari na urefu wa karibu nusu inchi, yaani zaidi ya sentimita moja. Ufa wa urefu huo ulipasa kuonekana. Bodi ilipotoa hukumu yake, haikusema tu kuwa mkaguzi alikosa. Ilisema kuwa utaratibu wa ukaguzi haukuzingatia vya kutosha mipaka ya uwezo wa binadamu.

Ajali ya pili ilitokea Pensacola, jimbo la Florida, tarehe 6 Julai 1996. Ndege ya aina ya MD-88 ilikuwa ikikimbia kwenye njia yake ili iruke, kitovu cha feni cha injini ya kushoto kikapasuka. Vipande viliingia ndani ya ndege na kuwaua abiria wawili. Ufa ulikuwa umeanzia katika tundu mojawapo, mahali ambapo metali iliharibiwa wakati wa kutobolewa kiwandani. Kitovu hicho nacho kilikuwa kimekaguliwa kwa kipenyezi mwaka uliotangulia, na Bodi iliona kuwa ufa ulikuwa wa kiasi cha kuweza kugunduliwa. Miongoni mwa mambo yaliyochunguzwa ni kama matundu yalikaushwa ipasavyo kabla ya kuloweshwa, kama unga ulifika ndani ya kila tundu, na kama mkaguzi ambaye karibu kamwe hakutani na ufa huendelea kuutarajia.

Tukizitazama ajali hizi mbili kwa jicho la mwanaistilahi, tunaona aina mbili za kushindwa. Moja ni ufa kutotoa alama yoyote, kwa kuwa kipenyezi hakikuingia, au kilioshwa, au unga haukufika. Nyingine ni alama kuwapo, na mtu asiione au asiitambue. Kinga ya aina ya kwanza si kinga ya aina ya pili. Mtambo uwezao kuondoa ile ya kwanza hauna lazima kuwa umeigusa ile ya pili.

4. Maneno matatu yasiyopaswa kuchanganywa

Katika mazungumzo ya kila siku fundi aonaye mstari unaong'aa husema, "Nimeona ufa." Kwa hakika hakuona ufa, ameona mstari unaong'aa. Mstari huo waweza kuwa umetokana na ufa, lakini pia waweza kuwa ni uzi wa kitambaa, alama ya kidole, au kipenyezi kilichobaki pembeni bila kuoshwa. Kwa hiyo tunahitaji maneno matatu.

La kwanza ni dalili: alama yoyote inayoonekana baada ya kufichua. Neno hili tumelichukua kwa makusudi kutoka katika lugha ya matibabu. Joto la mwili ni dalili. Malaria ni ugonjwa. Tabibu anayekiita kila kiwiliwili chenye joto malaria atawapa watu dawa wasiyoihitaji, na asiyeangalia joto atawaacha wagonjwa wafe. Vivyo hivyo katika metali.

La pili ni mkatizo: mahali popote ambapo mwili wa metali umekatizwa, ama kwa ufa, ama kwa kitundu, ama kwa mkunjo uliotokea wakati wa kufua. Mkatizo ni jambo lililomo katika kitu chenyewe, liwe limeonekana au halikuonekana.

La tatu ni kasoro: mkatizo uliozidi mpaka uliowekwa, na ambao kwa ajili yake kitu lazima kikataliwe au kitengenezwe. Kitundu kidogo katika mpini wa mlango ni mkatizo tu; kitundu cha ukubwa uleule katika diski ya injini chaweza kuwa kasoro. Kasoro, basi, ni hukumu inayotokana na kulinganisha mkatizo na kanuni.

Baadhi ya wasomaji watauliza kwa nini hatukutumia neno "dosari" badala ya mkatizo. Sababu ni kwamba katika matumizi ya kawaida dosari na kasoro hubadilishana nafasi bila taabu, kama tulivyofanya sisi wenyewe tulipoeleza ajali ya 1989. Maneno mawili yaliyo ndugu namna hiyo yakiwekwa katika ukurasa mmoja wa maelekezo ya kazi, fundi atayasoma kama neno moja. Mkatizo ni neno lisilo na lawama ndani yake, nalo ndilo tunalolihitaji.

5. Maana tatu za "kujiendesha"

Sasa tugeukie mitambo. Katika karakana kubwa za leo huonekana mitambo ya aina tatu, na zote huitwa kwa jina moja.

Aina ya kwanza hubeba tu. Kitu huwekwa katika kikapu, na winchi au roboti hukitoa katika tangi moja na kukitia katika jingine, mtu akibonyeza kitufe. Mtambo huu huuokoa mgongo wa mfanyakazi na kumwepusha na dawa, lakini muda wa kulowea bado umo mikononi mwa mtu. Tunapendekeza uitwe mtambo mbebaji.

Aina ya pili hufuata ratiba. Kompyuta hushika saa, joto na shindikizo. Kikapu hakitoki katika kipenyezi kabla ya wakati wala hakichelewi katika maji. Na kila kipimo huandikwa ili baadaye ijulikane kitu fulani kilipita wapi na kwa dakika ngapi. Faida yake ni kubwa, kwa sababu kuosha kupita kiasi, ambako tulikutaja juu, hutokana mara nyingi na mkono wa mtu kutokuwa sawa asubuhi na jioni. Tunapendekeza uitwe mtambo mratibu.

Aina ya tatu hutazama na kuamua. Kamera hupiga picha ya kitu katika giza, kompyuta huitafuta nuru ndani ya picha, huipima, na hutoa neno: kipokelewe au kikataliwe. Huu tunapendekeza uitwe mtambo mwamuzi.

Muundo wa majina haya, yaani jina moja kulifafanua jingine bila kiunganishi, si mgeni katika Kiswahili. Tunasema askari kanzu, bata maji na fundi chuma, na kila mtu huelewa kuwa neno la pili ndilo litofautishalo aina.

Ama neno "otomatiki", halina ubaya katika mazungumzo, nasi hatutaki lifukuzwe. Tunachoomba ni kwamba katika mikataba, maelekezo ya kazi na vitabu vya mafunzo lisisimame peke yake. Mwenye kununua mtambo mratibu akidhani amenunua mtambo mwamuzi anaweza kuwapunguza wakaguzi wake, na kubaki na kiwanda kinachoosha vizuri sana vitu ambavyo hakuna anayevitazama.

Hata mtambo mratibu una mipaka. Hufuata ratiba kwa uaminifu uleule hata kama kipenyezi kimechafuka au taa imefifia. Kwa hiyo ni desturi kuanza kazi kwa kupitisha bamba la majaribio, ambalo nyufa zake zinajulikana idadi na ukubwa. Nyufa hizo zisipoonekana zote kama ilivyozoeleka, kazi husimamishwa. Tena, kitu chenye matundu marefu kikitundikwa vibaya huhifadhi maji ndani yake, na ratiba haitalijua hilo. Ratiba lazima itungwe na mtu aliyekifahamu kitu chenyewe.

6. Je, mtambo waweza kuamua?

Kuna mambo ambayo mtambo mwamuzi hufanya vyema. Katika kupima dalili viwango hutofautisha ile ya mstari na ile ya mviringo: dalili ambayo urefu wake unazidi mara tatu ya upana wake huhesabiwa kuwa ya mstari, na aghalabu huogopwa zaidi kwa kuwa ufa huelekea kutoa umbo hilo. Kulinganisha urefu na upana ni hesabu, na katika hesabu kompyuta haichoki. Wala haikati tamaa baada ya kutazama vitu elfu vizima kabla ya kukutana na kimoja kilichopasuka. Huo ndio udhaifu wa binadamu uliotajwa katika ajali zile mbili, na si haki kuusahau tunapomsifu mkaguzi mwenye uzoefu.

Lakini kuna jambo ambalo mkaguzi hufanya, na ambalo halimo ndani ya picha. Anapotilia shaka dalili, huipangusa kwa brashi iliyotiwa kiyeyushi, hupaka kifichuzi upya, kisha hungoja. Dalili ikirejea, kuna kitu ndani kinachoendelea kutoa kipenyezi. Isiporejea, huenda ilikuwa uzi au uchafu wa juu. Tunapendekeza jambo hilo liitwe marejeo ya dalili. Hapo mkaguzi hatazami tu, bali anaiuliza metali swali na kungoja jibu. Mtambo unaopiga picha moja haujauliza swali hilo, ingawa hakuna kinachozuia mtambo kutengenezwa hata uulize.

Siku hizi mitambo hii hutumia akili unde, yaani hufundishwa kwa kuonyeshwa picha nyingi za dalili za kweli na za bandia. Ugumu uliopo ni kwamba katika karakana nzuri nyufa za kweli ni chache, na picha zake ni chache vilevile. Mtambo uliofundishwa kwa nyufa zilizotengenezwa makusudi huzijua hizo. Ule ufa wa ajabu, uliozaliwa katika pembe ya tundu lililotobolewa vibaya, huenda haujawahi kuuona.

Ndiyo sababu tunahitaji maneno mawili kwa makosa mawili. Kosa la kuacha kuona kilichopo tunaliita upitwaji, na kosa la kukataa kitu kizima tunaliita shuku bure. Mtambo ukirekebishwa upunguze moja, aghalabu huongeza jingine. Anayeuza mtambo kwa kusema kuwa "hukosea mara chache" hajasema kitu mpaka ataje ni kosa lipi. Shuku bure ni hasara ya fedha. Upitwaji waweza kuwa ni msiba.

Wataalamu huupima uwezo huu, wa mtu au wa mtambo, kwa kuuliza: ni urefu gani wa ufa unaogunduliwa mara 90 katika kila mara 100, nasi tukiwa na hakika ya asilimia 95 juu ya jibu hilo? Swali halihusu ufa mdogo kabisa uliowahi kuonekana. Linalotakiwa kujulikana ni ufa mkubwa kiasi gani unaoweza kupita bila kuonekana. Tofauti hiyo nayo ni ya lugha kabla ya kuwa ya hesabu.

Mwisho, kiwango cha kimataifa ISO 9712 huwagawa wakaguzi katika madaraja matatu. Wa Daraja la 1 hufanya kazi kwa kufuata maelekezo na chini ya uangalizi, wala hapewi dhima ya kufasiri matokeo. Wa Daraja la 2 huweza kufasiri dalili na kutoa hukumu kwa mujibu wa kanuni. Wa Daraja la 3 huutunga na kuusimamia utaratibu wenyewe. Mgawo huu watusaidia kuiweka mitambo mahali pake. Mtambo mratibu husimama karibu na mkaguzi wa Daraja la 1. Mtambo mwamuzi unataka kiti cha Daraja la 2. Kabla ya kupewa kiti hicho yafaa uthibitishwe kwa ukali usiopungua ule unaotumika kwa mtu, na sahihi inayokirudisha kitu kazini ibaki ya mtu ambaye aweza kuulizwa.

7. Istilahi zinazopendekezwa

Kabla ya orodha, neno juu ya kipenyezi. Jina lililokuwa jepesi zaidi lingekuwa "kipenyo", lakini hilo limekwisha kuchukuliwa na hesabu kwa maana ya mstari ukatao duara katikati. Tumechagua kipenyezi kwa sababu kiowevu hiki hupenya, na kwa kupenya kwake hupenyeza rangi ndani ya ufa. Nayo rangi ndiyo itakayoonekana baadaye. Kifichuzi limefuata mkondo huohuo.

Bamba la majaribio: kipande cha metali chenye nyufa zinazojulikana, kitumiwacho kuhakikisha kuwa utaratibu mzima unafanya kazi.

Dalili: alama yoyote inayoonekana baada ya kufichua.

Dalili bandia: dalili isiyotokana na mkatizo, bali na uchafu, uzi, alama ya kidole au kuosha kusikotosha.

Kasoro: mkatizo uliozidi mpaka unaoruhusiwa.

Kichanganishi: dawa inayokifanya kipenyezi cha mafuta kichanganyike na maji na kuosheka.

Kifichuzi: unga au dawa inayofyonza kipenyezi kutoka ndani ya mkatizo na kukionyesha usoni.

Kipenyezi: kiowevu chenye rangi kiingiacho katika mkatizo uliofunguka usoni.

Kipenyezi king'aacho: kipenyezi ambacho rangi yake hutoa nuru kinapomulikwa kwa urujuanimno.

Marejeo ya dalili: kutokea tena kwa dalili baada ya kupanguswa na kufichuliwa upya.

Mkatizo: mahali ambapo mwili wa metali umekatizwa.

Mtambo mbebaji: mtambo unaohamisha vitu kwa amri ya mtu.

Mtambo mratibu: mtambo unaoshika muda, joto na shindikizo kwa ratiba na kuviandika.

Mtambo mwamuzi: mtambo unaotazama dalili na kutoa hukumu.

Muda wa kulowea: muda ambao kipenyezi huachwa juu ya kitu kabla ya kuondolewa.

Shuku bure: kukataa kitu kisicho na kasoro.

Upitwaji: kuacha kugundua kasoro iliyopo.

8. Hitimisho

Tumeona kuwa kazi ya kutafuta nyufa kwa kipenyezi ina hatua nyingi za mkono na hatua moja ya hukumu. Kwamba mitambo imechukua zile za mkono kwa faida kubwa. Na kwamba hukumu inaanza tu kukabidhiwa mitambo, kwa tahadhari. Lugha inayoita yote hayo kwa jina moja haitamsaidia mwenye kiwanda, wala mkaguzi, wala abiria ambaye hatakiona kamwe chumba kile cha giza lakini maisha yake yanakitegemea.

Fundi anayesoma maelekezo kwa lugha ya kigeni na kushauriana na mwenzake kwa Kiswahili hana budi kutafsiri papo hapo, na tafsiri ya papo hapo ndipo mahali ambapo dalili hugeuka kasoro na kuosha hugeuka kukagua. Maneno tuliyoyatoa hapa si amri bali ni mapendekezo. Tunawaomba wasomaji, na hasa mafundi wa karakana za ndege, reli na mitambo ya umeme, wayajaribu kazini mwao na kutuarifu ni yapi yamekaa vyema ulimini na ni yapi yanafaa kubadilishwa. Istilahi, kama diski ya injini, hujulikana uzima wake ikishatiwa kazini. Lakini ni heri nyufa zake zigunduliwe mapema.